Namna ya kukagua kiraka cha C kinachosoma mipangilio ya Git

Kiraka (patch, yaani badiliko la msimbo linalopendekezwa) kinachoongeza chaguo jipya la mipangilio kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, huwa kifupi: mistari thelathini, arobaini ikizidi. Ndiyo maana wakaguzi hukipitisha haraka. Kompaila haina neno, na kwenye kompyuta ya aliyekiandika kila kitu kinakwenda vizuri, kwa sababu yeye anajua thamani sahihi na ndiyo anayoiandika. Wewe kazi yako ni kuandika zile ambazo hakuziwazia. Kwa hiyo usianze na msimbo. Anza na faili la mipangilio, uliharibu kwa makusudi, kisha urudi kwenye C ukiwa tayari na maswali.

Kwanza msimbo wenyewe uwe mkononi. Repo ya Git (ghala la msimbo wa Git yenyewe) yenye historia yake yote ni mamia ya megabaiti, na kikundi cha watu watano pale Mwanga, Kigoma mjini, hakina sababu ya kila mmoja kumaliza bando lake. Mmoja apakue, kisha afungashe:

```
git bundle create git.bundle --all
git bundle verify git.bundle
```

Faili hilo moja linapita kwenye flashi. Mwingine anaandika `git clone git.bundle git`, halafu `git remote set-url origin` na anwani halisi ili baadaye avute mapya tu. Msinakili folda nzima pamoja na `.git` yake; sababu ipo chini, na inahusu mada hii hii.

Kwenye Ubuntu au Debian utahitaji `build-essential`, `zlib1g-dev`, `libcurl4-openssl-dev`, `libssl-dev`, `libexpat1-dev` na `gettext`. Jenga kwa `make DEVELOPER=1 -j4`; hilo `DEVELOPER=1` linawasha maonyo mengi ya kompaila na kuyageuza kuwa makosa. Huna haja ya kusakinisha. Git uliyoijenga iite kwa `./bin-wrappers/git`, ile ya kompyuta yako ibaki ilivyo.

Kiraka cha mfano

Tuchukue kiraka cha kutunga. Tuseme kuna amri `git pakua` yenye kuchunga matumizi ya bando, na mtu ameleta fanksheni hii ya kusoma mipangilio yake. Git haina amri hiyo, ila makosa yaliyomo ndani yake ni yale yale yanayoletwa kila siku:

```c
static int soma_bando(const char *var, const char *value,
		      const struct config_context *ctx, void *cb)
{
	struct bando *b = cb;

	if (!strcmp(var, "bando.kikomoSiku"))
		b->kikomo = atoi(value);
	if (!strcmp(var, "bando.onya"))
		if (git_config_bool(var, value))
			b->alama |= BANDO_ONYA;
	if (!strcmp(var, "bando.hali"))
		if (!strcmp(value, "kali"))
			b->hali = BANDO_KALI;
	if (!strcmp(var, "bando.daftari"))
		b->daftari = xstrdup(value);
	return 0;
}
```

Git huiita fanksheni hii mara moja kwa kila mstari wa mipangilio inaoukuta, kwenye kila faili. `var` ni jina kamili, `value` ni thamani, `ctx` hueleza mstari umetoka wapi. Hiyo `ctx` iliingia kwenye toleo 2.42; kiraka kilichoandikwa kwa ajili ya toleo la nyuma kina hoja tatu tu, na hakitakubali kujengwa.

Sasa iandikie fanksheni hii faili la mipangilio:

```
[bando]
	onya
	hali
	kikomoSiku = 500m
	daftari = ~/bando.txt
```

Mstari wa `hali` unaiua programu. Katika Git, jina lililoandikwa peke yake bila alama ya sawasawa lina maana ya "kweli", na fanksheni yako inapokea `value` ikiwa NULL, yaani pointa isiyoelekeza popote. `strcmp`, inayolinganisha stringi (mifuatano ya herufi) mbili, ikipewa NULL, programu inaanguka palepale. Lakini `hali =`, yenye alama ya sawasawa na kisha hakuna kitu, inaleta stringi tupu, ambayo kwa chaguo la kweli au si kweli husomwa kuwa si kweli. Kwa hiyo `onya` inawasha na `onya =` inazima. Alama moja tu, na maana inageuka chini juu. Hili ndilo kosa la kwanza la kulitafuta kwenye kiraka chochote cha namna hii: shika kila mahali `value` inapotajwa, uliza, je, ikiwa NULL? Kama inapelekwa `git_config_bool`, `git_config_int` au `git_config_string`, fanksheni hizo zinajua la kufanya. Kama inaguswa moja kwa moja, lazima juu yake kuwe na:

```c
	if (!value)
		return config_error_nonbool(var);
```

Jina hilo linachanganya watu. Maana yake ni "chaguo hili si la kweli au si kweli, kwa hiyo linahitaji thamani", na mtumiaji ataona `missing value for 'bando.hali'`.

Tukirudi kwenye `kikomoSiku`, kuna jambo la kuchekesha kidogo. `atoi(value)`, inayogeuza stringi kuwa namba, nayo ingeanguka kwa NULL, ila haifikiwi kamwe. Kabla ya kukuita, Git hushusha herufi zote za sehemu ya kwanza na za mwisho ya jina. Mtumiaji aandike `kikomoSiku` au `KIKOMOSIKU`, `var` itakuja `bando.kikomosiku`. Mwandishi amelinganisha na `bando.kikomoSiku` yenye S kubwa, hivyo hailingani hata siku moja, na chaguo linapuuzwa kimyakimya. Kosa moja limelifunika jingine. Ukimwambia arekebishe herufi tu, umemfungulia mlango wa programu kuanguka. Kanuni: kwenye C majina yote yawe herufi ndogo, kwenye maelezo ya mtumiaji, yale ya folda ya `Documentation/config`, ndiko huandikwa `bando.kikomoSiku` ili yasomeke.

Na `atoi` yenyewe haina nafasi hapa. `500m` itakuwa 500, `hamsini` itakuwa sifuri, na hakuna atakayejua. Git ina `git_config_int` na `git_config_ulong` zinazoelewa k, m na g kwa hesabu ya 1024, kwa hiyo `500m` ni 524,288,000. Zikikuta takataka, zinasimama na kusema. Uliza pia ukubwa wa chombo kinachopokea: `2g` ni 2,147,483,648, yaani moja zaidi ya kile `int` ya biti 32 inachoweza kubeba. `git_config_int` itaikataa kwa kuzidi kiwango, na hilo ni jema. Balaa ni pale mtu anaposoma kwa `git_config_ulong` kisha anaitumbukiza kwenye `int`. Kikomo kinageuka hasi na kila ulinganisho unaokifuata unasema uongo.

Mipaka ya chini isisahauliwe. Je, sifuri maana yake "hakuna kikomo" au "usipakue kabisa"? Msimbo hauwezi kujibu, maelezo ndiyo yajibu, na kama hayajibu, rudisha kiraka.

Mstari wa mwisho ndio unaoshinda

Git husoma faili la mfumo mzima `/etc/gitconfig`, kisha la mtumiaji `~/.gitconfig`, kisha `.git/config` la repo, kisha yaliyoandikwa na `-c` kwenye amri. Jina likijirudia, la mwisho ndilo lenye nguvu. Fanksheni yetu itaitwa kwa yote, moja baada ya jingine, na hapo ndipo `onya` inapoharibika:

`if (git_config_bool(var, value)) b->alama |= BANDO_ONYA;`

Likiwashwa kwenye `~/.gitconfig`, halizimiki tena. Mtumiaji aandike `onya = false` kwenye repo yake, aandike `-c bando.onya=false`, alama imeshawekwa na hakuna anayeifuta. Jaribio la kugundua hili ni mstari mmoja, na kila kiraka cha kweli au si kweli ukipitishe humo:

```
./bin-wrappers/git -c bando.onya=true -c bando.onya=false pakua
```

`daftari` ina mkosi wa aina hiyo hiyo kwa upande wa memori: ikisomwa mara ya pili, pointa ya kwanza inapotea bila kuachiliwa. Baiti chache tu, mtu atasema. Lakini majaribio ya Git yanaweza kujengwa kwa `SANITIZE=leak`, na hapo uvujaji huo unaangusha jaribio zima. Zaidi, `xstrdup` haijui kwamba `~/` ni folda ya nyumbani. Faili litatafutwa kwenye folda iitwayo `~` ndani ya mradi. Njia za mafaili zipite kwenye `git_config_pathname`.

Thamani isiyojulikana je? Kwenye kiraka hiki, `hali = kalii` inapita kimya na mtumiaji anaamini amelindwa. Hapa hakuna jibu moja. Fanksheni ikirudisha namba hasi, amri nzima inakufa na Git inataja faili na mstari. Hiyo ni sawa kwa chaguo linalolinda data au usalama. Kwa chaguo la rangi au mpangilio wa skrini, ni adhabu kubwa mno: mtu mwenye Git mpya nyumbani na ya zamani kazini, akitumia `~/.gitconfig` ile ile, atafungiwa amri kazini kwa sababu ya neno ambalo toleo la zamani halijalisikia. Huko `warning()` na kurudisha 0 kunatosha. Angalia pia fanksheni imewekwa wapi: ikiwa ya `git pakua` pekee, inakufa `git pakua`; ikiwa imechomekwa ndani ya `git_default_config`, karibu kila amri inaathirika.

Kuna anayependa kuongeza "ndiyo" na "hapana" ziwe thamani halali. Git inakubali true, yes, on na 1, na upande wa pili false, no, off, 0 na stringi tupu. Ukiandika `ndiyo`, unajibiwa `bad boolean config value 'ndiyo'`. Wazo zuri, mahali pasipo pake: faili hilo litasomwa na Git nyingine isiyo na kiraka chako, na itagoma.

Baada ya masahihisho, fanksheni inapaswa kukaribia hivi:

```c
	if (!strcmp(var, "bando.kikomosiku")) {
		b->kikomo = git_config_ulong(var, value, ctx->kvi);
		return 0;
	}
	if (!strcmp(var, "bando.onya")) {
		b->onya = git_config_bool(var, value);
		return 0;
	}
	if (!strcmp(var, "bando.hali")) {
		if (!value)
			return config_error_nonbool(var);
		if (!strcmp(value, "kali"))
			b->hali = BANDO_KALI;
		else if (!strcmp(value, "pole"))
			b->hali = BANDO_POLE;
		else
			return error(_("bando.hali haijui '%s'"), value);
		return 0;
	}
	if (!strcmp(var, "bando.daftari")) {
		FREE_AND_NULL(b->daftari);
		return git_config_pathname(&b->daftari, var, value);
	}
	return git_default_config(var, value, ctx, cb);
```

Mstari wa mwisho kabisa si urembo. Kwenye toleo la awali ilikuwa `return 0`, maana yake amri hii isingesoma mipangilio ya kawaida ya Git kama `core.*` na `user.*`, na ungetafuta siku nzima kwa nini `git pakua` peke yake haijui jina la mtumiaji.

Majina yenye sehemu tatu

Chaguo linapokuwa na jina la kati, mfano `[bando "Kibirizi"]` na ndani yake `mwisho = 22`, herufi za jina la kati hubaki kama zilivyoandikwa. `Kibirizi` na `kibirizi` ni vitu viwili. Mkaguzi akiona `strcasecmp` (ulinganisho usiojali herufi kubwa na ndogo) kwenye sehemu hiyo, aulize kwa nini. Ila kuna mtindo wa zamani, `[bando.Kibirizi]` bila alama za kunukuu, ambao huishusha kuwa `kibirizi`, mtumiaji akilalamika kwamba mpangilio wake hauonekani, tazama hapo kwanza.

Kuvunja jina kuna fanksheni yake, `parse_config_key`. Inakupa pointa ya jina la kati pamoja na urefu wake, na hapo ndipo watu huteleza: stringi hiyo haina sifuri ya mwisho. Kwa `bando.Kibirizi.mwisho` unapata pointa na urefu wa 8, lakini ukiichapisha kwa `%s` utaona `Kibirizi.mwisho`. Inakiliwe kwa `xmemdupz(jina, urefu)`. Tena, pakiwa na `bando.onya` isiyo na jina la kati, fanksheni inafaulu na pointa ni NULL. Anayevunja jina kwa mkono kwa kutafuta nukta ya kwanza baada ya sehemu ya mwanzo atakwama siku jina la kati litakapokuwa na nukta ndani, kama `bando.ujiji.kusini.mwisho`, mpaka halisi ni nukta ya mwisho.

Mpangilio dhidi ya swichi

Hili ni la haraka. Kwenye fanksheni kuu ya amri, mipangilio isomwe kwanza, `parse_options`, inayosoma swichi zilizoandikwa kwenye amri, ifuate. Zikigeuzwa, faili linaishinda amri ambayo mtu ameiandika sasa hivi kwa mkono wake. Kama mwandishi anatumia -1 kumaanisha "haijawekwa", hakikisha aina ya kigezo inaweza kubeba hasi. Sehemu ya biti moja isiyo na alama ya hasi (unsigned) haitaiweka -1, itakuwa 1, na chaguo litaonekana limewashwa tangu mwanzo.

Ni nani anaweza kuliandika faili hili?

Swali hili ndilo linalosahaulika, na ndilo zito. `core.pager`, `core.sshCommand` na `core.fsmonitor` ni mifano ya mipangilio ambayo thamani yake ni amri ya kuendeshwa. `git clone` haileti `.git/config` ya mwenzio, wala bundle hailibebi. Lakini folda iliyonakiliwa kwa flashi, au zip, inalibeba lote, pamoja na hooks zake (skripti ambazo Git huziendesha yenyewe). Ndiyo sababu ya kusisitiza bundle pale juu.

Kwa hatari hiyo hiyo, toleo 2.35.2 la Aprili 2022 lilileta `safe.directory`: Git hukataa repo ambayo mmiliki wake ni mtumiaji mwingine. Na `safe.directory` yenyewe haisomwi kutoka `.git/config`, kwani mwizi hawezi kuachiwa aandike kibali chake. Kiraka kikiongeza chaguo linaloendesha amri, linalotaja programu, au linalolegeza ulinzi, uliza kama lisomwe kwa `git_protected_config`, ambayo hupokea ya mfumo, ya mtumiaji na ya amri pekee. `uploadpack.packObjectsHook` hufanywa hivyo.

Kama kiraka kinaandika mipangilio pia, si kusoma tu, ongeza muda wa ukaguzi mara mbili. Upande wa kuandika na wa kusoma lazima ukubaliane kwa kila herufi. Mwaka 2023, CVE-2023-29007 (CVE ni namba ya kutambulisha kasoro ya usalama) ilihusu mistari mirefu kuliko herufi 1024: wakati wa kufuta au kubadili jina la sehemu, ziada ya mstari ilisomwa kama mstari mpya, na thamani ikaweza kugeuka mpangilio. Mwaka 2025, CVE-2025-48384 ilihusu herufi moja, CR (carriage return, herufi isiyoonekana ya mwisho wa mstari), mwishoni mwa thamani: upande wa kuandika haukuiwekea alama za kunukuu, upande wa kusoma ukaikata, na njia ya submodule (repo iliyo ndani ya repo nyingine) ikaishia kwingine. Kwa hiyo andika thamani kisha uisome tena, ukijaribu nafasi mwanzoni na mwishoni, `#`, `;`, `"`, `\`, mstari mpya, CR, na stringi ya herufi elfu mbili. Kilichoingia kiwe ndicho kinachotoka.

Majaribio na majibu

Kiraka kisicho na majaribio kirudishwe. Angalau hili liwepo:

```
test_expect_success 'bando.hali bila thamani' '
	test_must_fail git -c bando.hali pakua 2>err &&
	test_grep "missing value" err
'
```

`test_must_fail` ni muhimu kuliko `!` ya kawaida. `!` huridhika hata programu ikianguka kwa NULL, kwa kuwa kuanguka nako ni kushindwa; `test_must_fail` hutofautisha kukataa kwa heshima na kufa ghafla. Mipangilio ya jaribio iwekwe kwa `test_config`, inayojifuta jaribio likiisha, isije ikachafua linalofuata.

Usiendeshe majaribio yote kwa kila badiliko, hasa ukiwa kwenye betri na umeme umekatika, ni marefu. Ingia `t`, endesha `./t1300-config.sh -i -v` na lile la amri husika. Umeme ukirudi, jenga upya kwa `make SANITIZE=address,undefined` na urudie hayo mawili. Hapo ndipo pointa zilizokuwa zimejificha hujitokeza.

Ukiandika maoni, weka amri inayozalisha kosa, si hukumu tupu. "`git -c bando.hali pakua` inaanguka, `value` ni NULL mstari wa 12" hurekebishwa jioni hiyo hiyo, "angalia NULL" huzaa mizunguko mitatu ya maswali. Na toleo la pili la kiraka likija, usilisome upya kuanzia juu. `git range-diff master kiraka-v1 kiraka-v2` itakuonyesha kilichobadilika kati ya matoleo, na pia kile ulichoomba kibadilishwe kikabaki vilevile.